Sala Isiyogawanyika

Kigawanyi, mashine ya kuhifadhia sauti, kilikuwa kikizitafuna sauti za marehemu wa jiji la Mbeya, na kilizitafuna ili zisipotee. Kila sauti iliyoletwa kwenye Hazina, ghala la sauti hizo, iligeuzwa kuwa namba moja nzima, ndefu kiasi kwamba ukianza kuiandika ukutani, mtaa unakwisha kabla yake. Kigawanyi kiliivunja namba hiyo kuwa vigawo vidogo, kama mtu anavyoivunja kumi na mbili kuwa mbili, mbili na tatu, kisha kikatunza vigawo tu. Kwa njia hiyo sauti za jiji zima zilienea katika kabati lisilozidi friji.

Asubuhi ile kikasimama. Mbele ya Injinia Tusekile kulikuwa na namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Sheria ya Hazina ilikuwa fupi: namba ya namna hiyo hufutwa, maana hula nafasi ya sauti elfu. Siku zote Tusekile alibonyeza kitufe cha kufuta na kuendelea. Leo mjane wa mwenye sauti alikuwa amekaa pale pale mapokezi, kikapu cha ndizi mapajani.

Mama Subilaga alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. Mumewe, Mwaisaka, alifia kwenye migodi ya Mwezini, na alichobakiza ni sala moja ya chakula. Wajukuu hawakugusa sahani kabla babu yao hajasikika.

"Kwa hiyo kosa la mzee wangu ni ugumu," alisema. "Hilo hata mama mkwe alililalamikia."

Tusekile akacheka bila kutaka. Akamweleza kwamba ujanja ulikuwepo: wakiongeza moja tu, namba itakuwa shufwa, na huenda ikavunjika vizuri. Sikio halitagundua chochote.

"Hiyo moja ni ya nani?"

"Si ya mtu, mama. Ni moja tu."

"Basi usiitie kwenye sala."

Mama akaomba aisikie sala hiyo. Sauti nzito ya Mwaisaka ikashukuru kwa maharage, kwa mvua, ikawaombea waliolala njaa, halafu ikanyamaza ghafla. Tusekile akadhani imekatika, akaanza kuomba radhi.

"Haijakatika, mwanangu. Hakuwahi kujiitikia. Neno la Amina alituachia sisi." Mama akafikiri kidogo. "Weka yangu."

Tusekile alimwonya kwamba namba mpya ingeweza kuwa sugu vilevile. Mama akajibu kwamba hilo ni la Mungu. Akainamia kipaza sauti, akasema "Amina" polepole, kama mtu aliyeacha chungu motoni lakini hataki kuharakisha ibada.

Namba ikabadilika. Tarakimu ya mwisho, iliyokuwa saba, sasa ilikuwa nne. Kigawanyi kikanguruma: mbili, mbili, tatu, kumi na moja... vigawo vikamiminika mpaka kioo kikaandika kwamba sauti imehifadhiwa.

Mama Subilaga akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akamwachia Tusekile ndizi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na wale wengine waliokuwa wagumu? Wao waliitikiwa na nani?"

Kigawanyi kilikuwa tayari kimeita sauti nyingine. Tusekile akakizima, akainamisha kichwa juu ya kile kitufe alichowafutia wagumu wote, akasema Amina, asijue anaitikia sala za nani.