Aliyefuta Video ya Ifrah

Kila asubuhi kabla ya shule, Ifrah alimsaidia babake kufungua duka lao pale Kitengela, kisha akaenda kuchota maji kwenye kisima cha mtaa. Siku hiyo maji yalinuka. Alipochungulia nyuma ya kisima aliona lori la kunyonya vyoo likimwaga uchafu mtaroni. Kumbe ndiyo sababu Haibe, mdogo wake, alikuwa akiharisha! Ifrah alirekodi video kwa simu ya babake, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kuandika: "Serikali inatuua!"

Jioni video haikuwepo.

"Wameifuta," alinong'ona Obura kinyozi, mtu ambaye hajawahi kusema uongo mdogo. "Serikali iko na mashine huko Kajiado, kubwa kama tangi la maji. Ukiandika vibaya inameza maneno, halafu inakumeza wewe. Shemeji yangu ilimmeza nusu."

"Nusu gani?"

"Ya chini. Ndiyo maana siku hizi anakaa tu."

Watu walicheka, lakini walipofika nyumbani wengine walifungia simu ndani ya sufuria. Kundi likanyamaza. Jirani akikusalimu, unajiuliza anampelekea nani habari zako. Na lori likarudi tena.

Ifrah alikuwa na mtu wake wa kushuku. Jacinta, mamake rafiki yake Lorine, alifanya kazi katika ofisi ya serikali mjini Kajiado, na alikuwa kwenye kundi hilo.

"Mama yako ndiye alifuta," Ifrah alimwambia Lorine wakati wa mapumziko. "Na wewe ni jasusi wake."

"Jasusi? Na jana ulikula chapati yangu!"

"Jana sikuwa nimejua. Haibe akizidiwa, ni juu yenu."

Lorine alifuta machozi. "Sawa. Nionyeshe hiyo simu."

Baada ya masomo walienda dukani. Mahali pa video palikuwa na maandishi madogo: "Ulifuta ujumbe huu."

"Soma vizuri," alisema Lorine. "Mama angefuta, haingesema ni wewe. Imefutwa na simu hii hii."

"Lakini mimi sijaifuta!"

Wote wawili wakageuka polepole kumtazama babake Ifrah, aliyekuwa akipanga sabuni zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Aabo?" Ifrah alimwita.

Mzee Jeylani aliweka sabuni chini. "Mtu alikuja. Alisema ni wa serikali. Hakuonyesha kitambulisho, hakununua hata kiberiti. Aliniuliza kama bado naitaka leseni ya duka. Niliogopa, mwanangu."

Lorine alikimbia kumwita mamake, aliyekuwa ametoka kazini. Jacinta alisikiliza hadi mwisho.

"Baba Ifrah, hata kama ni mtu wa serikali kweli, hana ruhusa ya kukunyamazisha kwa sababu umeonyesha uchafu. Akirudi, mwambie aandike barua na aweke sahihi. Na wewe Ifrah, uliona serikali ikimwaga?"

"Niliona lori."

"Basi andika lori."

Jeylani aliituma video upya, yeye mwenyewe. Aliandika mahali na saa, na kwamba mtoto wake ni mgonjwa. Kisha mama mmoja akatuma picha ya lori lilelile, na mwingine, na mwingine. Kabla ya wiki kuisha maafisa wa afya, waliofikiwa na picha hizo, walikuwa wamelikamata lori na kufunga kisima kisafishwe. Haibe alitibiwa, akaanza tena kuvunja vikombe.

Ifrah naye aliandika mbele ya kundi zima: "Nilimshuku Lorine na mamake bila kuona chochote. Nisameheni."

"Umesamehewa," Jacinta alimwambia alipopita dukani. "Lakini ujue jambo moja. Anayetaka tunyamaze hahitaji mashine yoyote. Akishatutia hofu, tunajifutia wenyewe. Tukishashukiana, anaenda zake kulala. Kwa hivyo sema ulichoona, usiongeze wala usipunguze, na useme kwa jina lako."