Behewa la Nne

Asubuhi ya Jumanne kioo cha kabati la treni kilikuwa na ukungu, na ukungu wenyewe ulikuwa kwa ndani. Mkata tiketi wa makumbusho alikisugua kwa kitambaa mpaka kiganja kikamuuma, ukungu haukutoka. Akamwita mumewe, ambaye ndiye fundi wa vitu vyote vya zamani mle ndani.

"Mume wangu, njoo uone. Treni zako zinapumua."

"Unyevu tu huo," akajibu fundi bila hata kuinua kichwa.

Unyevu! Haya.

Treni zenyewe zilikuwa za kuchezea, za bati, kila behewa urefu wa kiganja, na kwenye kila dirisha amechorwa abiria. Aliyezileta ni mjane mmoja wa mtaa wa nyuma. Kwenye fomu ya kupokelea mkurugenzi aliandika: "Seti haijakamilika. Behewa la nne halipo." Sasa mwambie fundi yule kwamba kitu hakijakamilika uone kama atalala. Alikata bati la kopo, akalikunja, akalipaka rangi, na baada ya wiki mbili behewa la nne likawa limekaa kwenye reli kati ya la tatu na la tano.

Ila alikuwa na mwiko wake wa kazi: fundi wa makumbusho habuni asichokijua. Hakujua zamani ni nani walikuwa wamekaa mle, kwa hiyo madirisha mawili ya behewa lile aliyaacha meupe, hayana mtu. Akajiona mwaminifu kweli kweli. Masikini, laiti angekuwa mwongo siku ile!

Alhamisi, saa ya chakula, mlinzi alikuja mbio. Wenyewe walimwita Bonge, mtu wa mwili na wa utani, lakini siku hiyo hakuwa na utani.

"Kuna filimbi inalia mle chumbani," alinong'ona. "Na kunanuka makaa ya mawe. Fundi, zile treni si hutembea kwa kuzungushwa ufunguo tu?"

"Za ufunguo. Na ufunguo ninao mimi mfukoni."

"Basi mimi simo," akasema Bonge, akaenda nyumbani kabla ya zamu kwisha.

Kesho yake hakuja kazini. Fundi na mkewe wakaenda kumjulia hali, wakamkuta ameketi kitandani, macho wazi, hasemi, anayumba taratibu kushoto na kulia kama abiria kwenye njia mbovu. Mke wa Bonge alikuwa akilia. "Tangu jana yuko hivi. Nikimpa chai inamwagika. Nikimlaza anaamka anakaa."

Fundi aliporudi makumbusho alikwenda moja kwa moja kwenye kabati. Dirisha la kwanza la behewa la nne lilikuwa na mtu. Mashavu manene, kofia ya ulinzi. Si fundi aliyemchora, na rangi ilikuwa kavu kama ya miaka mia.

Jumamosi mkewe alianza kuyumba.

Alikuwa kwenye meza yake ya tiketi, anamchania mgeni kipande chake, mara bega likaenda kushoto, likarudi kulia. "Kizunguzungu tu," alisema, akacheka kidogo. Fundi hakucheka. Aliingia chumbani, na kwenye dirisha la pili, ambalo asubuhi alilikagua likiwa jeupe, akaona upindo wa kitambaa cha kichwa, kile cha maua ya zambarau alichojifunga mkewe siku hiyo, na chini yake ukingo wa paji la uso ukijitokeza polepole, na harufu ya makaa ikamjaa puani na kooni, na magurudumu ambayo hayakuwa yanazunguka yakaanza kulia chini ya kioo, taka-taka, taka-taka, akajua kwamba mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini anapakiwa mbele ya macho yake, na aliyemtengenezea kiti ni yeye mwenyewe.

Alikwenda kwa mjane akikimbia, mtu mzima wa mvi.

"Shikamoo mama. Behewa la nne. Lilikwenda wapi?"

Yule bibi akamkalisha kwenye kiti. "Nililiponda kwa jiwe. Usiniambie umelitengeneza jingine."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema lina jini, mngezichukua? Mimi nilitaka zitoke nyumbani kwangu, basi." Akashusha sauti. "Jini huyo hataki damu wala ubani. Waganga watatu walikuja, wote wakala wakaenda zao. Anataka nafasi zijae. Mume wangu alipanda. Mimi kwa hasira nikaliponda, na yeye akafa dakika ile ile, pale ulipokaa."

Fundi aliruka kutoka kwenye kiti. "Kwa hiyo nisilivunje."

"Ukilivunja, unawazika. Kaa mbali nalo, baba."

"Mke wangu yumo, mama. Nusu yumo."

Bibi akamfungulia mlango.

Makumbusho yalishafungwa aliporudi, jua bado liko juu. Mkewe alikuwa amekaa pale pale mezani, macho wazi, anayumba. Dirishani nyusi zilikwisha kutokea. Fundi alichukua brashi yake nyembamba kuliko zote na, kwa mara ya kwanza maishani, akabuni: akachora juu ya zile nyusi mzee asiyemjua, mwenye ndevu. Rangi ikateleza ikadondoka. Akachora mwanamke wa uongo. Ikadondoka. Macho ya mkewe yakaanza kutokea. Basi fundi akajitazama kwenye kioo cha kabati, akachora alichokiona: mvi, miwani, kovu la kidevuni. Rangi ilikauka kabla hajainua brashi.

Mkewe alishtuka mezani. "Mume wangu? Mbona umenyamaza hivyo?"

Wiki tatu sasa fundi yuko kitandani kwake, ameketi, anayumba. Mkewe amekaa pembeni yake, anamgombeza mchana kutwa: nani alikutuma, nani alikwambia mimi siwezi kusafiri peke yangu? Treni ikipiga kona fundi huinama upande mmoja, naye humkamata bega asianguke.

Jana kuyumba kulianza kupungua. Mama wa watu akafurahi, akatuma ujumbe kwa mke wa Bonge, naye akajibu kwamba kwake pia ni hivyo hivyo, mgonjwa ametulia, Mungu mkubwa. Kufika alasiri fundi alikuwa ametulia kabisa. Akageuza shingo, akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akasimama, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake kama abiria anayeshusha mzigo treni ikifika kituoni, akaanza kusogea, hatua kwa hatua, nyuma ya watu ambao mkewe hakuwaona.