Sauti ya Kwenye Kishimo cha Jukwaa

Harufu ilianza Jumatatu asubuhi, wakati wa mazoezi. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, ikipanda kutoka kwenye kishimo cha mbele ya jukwaa, pale Bi Hedda alipokaa miaka thelathini akiwanong'onezea waimbaji maneno yaliyowatoka kichwani. Bi Hedda alikuwa kwake, amevunjika nyonga, na kishimo kilikuwa kimefunikwa kwa ubao.

Hata hivyo Roswitha, mmoja wa waimbaji, alinong'onezewa kutoka humo.

"Nani yumo humo?" alimuuliza mumewe, Eckart.

"Panya. Nao wanapenda opera," Eckart akamtania, kisha akakohoa.

Katika opera hiyo, mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, wao wawili waliimba kama mfalme na malkia wa hadithi ya Wagiriki. Mfalme anaumwa, Kifo kimekuja kumchukua, kinauliza nani atakwenda badala yake, na malkia anaitika, "Mimi." Neno moja tu. Kila Roswitha alipolikaribia, sauti ilimtangulia kulisema.

Jioni ya onyesho la kwanza, nyuma ya pazia, watu walitemeana mate ya uongo juu ya bega la kushoto, "toi, toi, toi", wakitakiana heri. Kwetu watu wa jukwaani, hata mfagiaji anajua kwamba hapo hupaswi kujibu asante, maana ukishukuru unaigeuza heri kuwa balaa. Lakini akili ya Roswitha ilikuwa kishimoni, na pumzi baridi ilipomgusa begani ikisema "toi, toi, toi", adabu ya kawaida ikamponza.

"Asante," alisema.

Traudel, msimamizi wa jukwaa, akaduwaa. "Umemshukuru nani, mwenzangu? Nyuma yako hakuna mtu."

Pazia likafunguka. Roswitha aliimba katika ile harufu ya udongo, mpaka mwimbaji aliyeigiza Kifo alipouliza swali lake, ala zote zikanyamaza kumsubiri malkia, na chini ya ubao ile sauti ikasema taratibu, "Sema mimi," naye akajua, kama alivyojua jina lake mwenyewe, kwamba akilitamka hatatoka pale akiwa hai.

Alimpenda Eckart. Jamani, alimpenda. Lakini mdomo aliufumba.

"Rosi," Eckart alinong'ona, "zamu yako."

Akamsubiri. Kisha akajishika kifua, akaanguka. Ukumbi mzima, ukidhani anaigiza, ukasimama kumpigia makofi, na kadiri Roswitha alivyolia kuomba daktari, ndivyo makofi yalivyozidi.

Kutoka kishimoni, sauti ikamjibu kwa adabu.

"Asante."