Sala ya Mlangoni

Jua lilikuwa linazama mama alipotoka kwenda kumtafutia kitindamimba dawa ya homa. Baba alimruhusu shingo upande. Fundi seremala huyu alikuwa ameshagombana na kila nyumba ya ibada mtaani, akaanzisha dini yake sebuleni, yenye waumini wanne tu: yeye, mkewe na mabinti zao wawili. Ndugu hawakanyagi. Majirani hawasalimiwi. Madirisha aliyapigilia mbao kwa mkono wake, na mlango haufunguliwi mpaka aliye nje aseme sala ya nyumba hiyo, neno kwa neno.

Mama hakuwahi kuipatia. Kila mara alikwama pale pa "utufunike", akasimangwa, akarudia.

Kila jioni waliisali kwa sauti. Na kila jioni binti mkubwa alisikia, nyuma ya ukuta wa jikoni, mtu akiitikia. Baba alisema ni mwangwi.

Ngo... ngo... ngo...

"Nani?" baba aliuliza.

Sauti ya mama ikaisali sala yote. Haikukwama popote.

Baba alifurahi mno, akasema hatimaye mkewe ameiva kiroho.  Binti mkubwa akamshika baba mkono.

"Baba, usifungue," alinong'ona. "Mama huwa anakosea."

"Nyamaza."

Aliyeingia alikuwa na sura ya mama na nguo za mama. Mikono mitupu, dawa hakuna. Alinuka udongo mbichi, na kiangazi kilikuwa kimepamba moto. Akaenda moja kwa moja kuketi kando ya mtoto mgonjwa, akampapasa paji la uso, akatabasamu. Baba akarudisha komeo.

Ngo, ngo, ngo!

"Baba watoto, nifungulie. Dawa nimepata." Kisha sala ikaanza, kwa kuhema. Ikaenda vizuri mpaka pale pa "utufunike..."



"Utufunike... Jamani, nimesahau. Mwanangu, nifungulie."

Binti alikimbilia mlangoni. Baba akamsukuma, macho yamemtoka pima. Huyo wa nje, alisema, ndiye shetani mwenyewe, maana hata sala haijui. Akachukua nyundo.

Mama alilia nje, binti akalia ndani. Baba alipigilia mlango mbao juu ya mbao, na yule mgeni alimkabidhi misumari bila kuombwa.

Sauti ya nje ilipokatika, baba akawapigisha magoti. Wakasali, wanne kama kawaida.

Nyuma ya ukuta wa jikoni, hakuna aliyeitikia.