Niliapa Kulificha Jina la Bakari

Nina miaka ishirini na saba, ni fundi cherehani hapa Johannesburg, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuapa kabla sijauliza naapia nini. Mengine yote yalizaliwa hapo. Majina nimeyabadilisha, hata langu, na mtaona kwa nini.

Niiteni Hamisi. Kushona nimejifunza mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kufumua nguo kuukuu nione zilivyoungwa. Labda ndiyo maana sijiamini. Kola ikipinda kidogo tu naifumua, naishona, naifumua tena... Rafiki yangu Bakari alikuwa akinicheka sana. "We Hamisi, bwana harusi atakuja kuchukua suti hii ameshapata wajukuu!"

Bakari na mimi tulikua pamoja Tanga. Mama yangu alipougua, ni mama yake aliyenilisha, akanivisha, akanipeleka chuoni kusoma Kurani pamoja na mwanawe. Bakari alitangulia huku Afrika Kusini, nami nikamfuata mwaka 2015.

Nilipofika nilikuta rafiki yangu si Bakari tena. Kwenye karatasi za ukimbizi aliitwa Jean, Mkongo! Aliishi Turffontein na mkewe Furaha, mwanamke wa Bukavu, na walikuwa wamejiandikisha pamoja kama mume na mke waliokimbia vita. Furaha alikimbia kweli. Bakari hakukimbia chochote zaidi ya kukosa kazi.

Majirani, walinzi wenzake kazini, watu wa kanisani kwa Furaha, wote walimjua Jean. Watanzania aliwakwepa. Mama yake hakujua kama ana mke. Kila Ijumaa alikuja chumbani kwangu Doornfontein, akatawadha, akaswali kwenye mkeka wangu, akampigia simu mama yake, kisha akarudi kwake kuwa Jean.

Siku moja nilimwona barabarani na wenzake, nikaropoka: "Bakari!" Aligeuka uso umesawijika. Jioni ile alikuja akanitaka nitawadhe, nishike msahafu, niape kwamba jina lake silitaji kwa mtu yeyote, iwe iwavyo.

Nikaapa! Sikuuliza, ukiugua je? Ukifa je? Mama yako je? Nilitaka tu kuwa rafiki asiye na dosari.

Mwaka 2018 umeme ulikatika mtaani kwao, na robot, yaani zile taa za kuongozea magari, zikazimika. Bakari alikuwa anavuka barabara. Gari likamgonga. Alifia hospitali kabla sijafika...

Nilimkuta Furaha kwenye korido, binti yao mdogo amelala mgongoni. Aliponiona alinishika mkono kwa nguvu. "Shemeji, ukisema jina yake, mimi na mtoto tutaenda wapi? Kule kwetu kulishaungua yote. Funga kinywa, nakuomba."

Nikakifunga.

Sasa fikirini, wasomaji wenzangu. Huku yuko mjane na mtoto ambao makaratasi yao yanasimama juu ya jina la uongo. Kule yuko mama aliyenilea, mwenye haki ya kujua kwamba mwanawe amekufa. Katikati yuko Bakari mwenyewe, Muislamu, anayestahili kuoshwa, kuvishwa sanda, kuswaliwa. Na juu ya wote hao kiko kiapo changu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mimi nilifanya lile ninalolijua. Nilitafuta njia isiyo na kosa hata moja! Nilijifungia chumbani nikisoma kwenye simu maoni ya watu nisiowajua. Nilimpigia sheikh mmoja nikamuuliza habari za "jamaa fulani" aliyeapa. Aliponiuliza ni jambo gani hasa, nikakata simu. Nilimwandikia mama yake Bakari ujumbe, nikaufuta. Nikauandika upya kwa maneno mazuri zaidi, nikaufuta tena. Eish! Kana kwamba msiba una maneno mazuri!

Ijumaa ilipofika, mama yake Bakari alipiga mwenyewe. "Hamisi mwanangu, simu ya mwenzio haipatikani. Kulikoni?" Nilijisikia nikimwambia kwamba amepata kazi Durban na huko mtandao ni mbovu. Akashukuru. Akamwombea mwanawe kazi iwe na baraka!

Wakati mimi natafakari, watu wa kanisani walikuwa wanatenda. Walichangishana, wakapata jeneza, wakapata eneo makaburini. Kisha shemasi wao akaja kwangu na kitambaa cheusi. Wewe ni fundi, akasema, na Jean alikuwa rafiki yako. Mshonee suti ya kuzikiwa.

Ningeweza kusema pale pale. Alikuwa amesimama mbele yangu, mtu mwema, macho mekundu kwa kulia. Lakini nilichukua vipimo kutoka kichwani, maana nilimjua Bakari mwili mzima, nikakaa kwenye cherehani. Nilimshonea suti mtu niliyejua anastahili sanda. Na Mungu anisamehe, kola niliifumua mara mbili ili ikae sawa...

Siku ya mazishi kwaya iliimba vizuri sana. Mchungaji alimkabidhi kwa Bwana "ndugu yetu Jean". Nilisimama nyuma, nikasoma Fatiha bila kutikisa midomo, kama mwizi. Shemasi akanigusa bega. "Fundi, kazi ya mikono yako! Papa Jean anaonekana kama minisitri, waziri mzima!" Nilimshukuru. Nilimshukuru!

Tangu hapo sikuweza kulala wala kushona. Miezi ikapita, na kila mama yake Bakari alipopiga nilirudia uongo ule ule wa Durban. Siku moja nilikwenda Turffontein nikamwaga yote mbele ya Furaha, jinsi mumewe alivyozikwa bila kuoshwa, bila kuswaliwa, na jinsi jambo hilo linavyonitafuna. Nilitegemea alie. Alinikazia macho.

"Kwa nini hukuniambia? Nilijua alizaliwa Muislamu, sikujua kama alikuwa bado anasali."

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyeniomba ninyamaze.

"Nilikuomba ufiche jina, sikukuomba ufiche dini! Ningeambia watu wa kanisa kama Jean alishageuka Muislamu. Hapa Joburg wangapi wamegeuka? Wangenisema wiki moja, bas. Jina ingebaki, na mungemzika vile munazika. Lakini wewe, Shemeji, hukuniuliza kitu. Ulikuwa unahesabu zambi zako tu."

Njia ilikuwepo! Ilikuwa kwenye kichwa cha mwanamke tuliyekaa naye mji mmoja, nami nikaenda kuitafuta kwenye simu.

Hasira ile ya Furaha ilinisukuma. Wiki hiyo hiyo nilimpigia mama yake Bakari nikamweleza kila kitu, nikilia. Kiapo, nikarudia, kiapo ndicho kilichonifunga. Alinikatiza.

"Kiapo kina kafara yake, Hamisi. Chuoni mlifundishwa, na ni mimi niliyekuwa nikiwapeleka. Ungenambia, ukalisha masikini. Huna, ukafunga siku tatu." Kisha akalia. "Miezi yote hii namwombea mwanangu kazi. Kumbe nilitakiwa nimsomee hitima."

Hajapokea simu yangu tena.

Najiudhi hadi leo. Nilitaka nisimkosee mtu, nikawakosea wote watatu. Na kaburi bado lina msalaba na jina la Jean. Siwezi kuligusa, kwa sababu mjane na mtoto bado wanaishi kwa jina hilo.

Nawasihi, msiape gizani. Rafiki akikuomba kiapo, muulize kwanza kitamuumiza nani, na yeye akifa iweje. Na haki mbili zikigombana moyoni mwako, usijifungie nazo chumbani ukidhani ukikaa zaidi utapata jibu lisilo na doa. Maiti haisubiri! Nenda kwa wale watakaoumia, kaa nao, uliza. Hata ukiuliza vibaya, hata ukitetemeka...

Sasa ni mwaka 2019. Mwezi uliopita Furaha alinitaka niape kwamba sitamwambia binti yake dini ya baba yake. Nilimjibu hapo hapo kwamba siapi, na kwamba mtoto akiniuliza sitamdanganya, basi tukae tukubaliane atajibiwa nini na atajibiwa lini. Tulibishana hadi chai ikapoa. Aliniita kichwa ngumu, nami nikapandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. Mwishowe tulikubaliana kwamba yeye mwenyewe atamwambia atakapoanza shule, nami nitakuwepo.

Siapi tena kwa ajili ya mtu yeyote. Na jambo likinishinda, nauliza siku ile ile.