Kuomba Msamaha kwa Kosa la Mtu Mwingine

Pikapu ya polisi ilikuwa imeshaanza kuteremka mtaa wa Kibagabaga, Cassien nyuma na pingu mikononi. Mkewe Gaudiose aliikimbilia hadi kandambili ikamkatikia mguuni.

Cassien alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki, kijiwe chake Sonatubes. Juzi alimchukua mtu Gisimenti. Kuona askari barabarani, mtu yule aliruka, akatokomea, begi akaliacha. Cassien akaja nalo nyumbani. "Mwenyewe atanitafuta," alisema. Ndani mlikuwa na kompyuta, kumbe ya wizi, na polisi wakaikuta kwake.

Jioni akaja Pudentienne, shangazi yake Cassien.

"Mwanangu, mwambie akubali, aombe msamaha. Hapa kwetu anayeomba husamehewa. Jumapili atakuwa hapa anakula maharage yako."

"Lakini shangazi, hakuiba!"

"Kwani msamaha unauma? Kitakachomfunga ni kiburi."

Gaudiose alimpelekea mumewe chakula kituoni, akamnong'oneza maneno hayo. Cassien alimtazama sana.

"Hata wewe, Mama Iteka?"

"Mimi nataka urudi."

Akatia sahihi kwamba aliiba. Hakurudi.

Wiki zikapita. Jirani yao Ingrid ndiye aliyemshika Gaudiose mkono, akampeleka kwa Maître Mukunde, mwanamke wakili wa kesi za jinai. Huyo hakuzunguka.

"Nani alimwambia akiri?"

"Mimi, Maître."

"Ulimwona akiiba?"

"Hapana."

"Msamaha ni wa aliyekosa, mama. Alichosaini ndicho atakachosomewa mahakamani. Alikuwa na haki ya kunyamaza mpaka wakili akae naye."

"Wakili ni wa matajiri. Sisi tungempata wapi?"

"Wilayani kuna ofisi ya msaada wa sheria. Unaenda siku ile ile mtu anapokamatwa. Haya, nieleze yote, hata ya aibu. Ya kwako hayatoki hapa. Ukinificha, nitayasikia kwa mwendesha mashtaka, na hapo sitakuwa na jibu."

Gaudiose alisema yote. Mukunde akaenda Gisimenti, kwenye duka lenye kamera ya kutazama barabara. Picha za siku ile zilikuwa zimeshafutika.

Mahakamani Mukunde alieleza habari za abiria aliyekimbia. Hakimu aliinua karatasi.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu," Cassien alisema. "Nilitaka kurudi nyumbani."

Akapewa mwaka mmoja. Walikata rufaa, wakashindwa.

Baadaye Shyaka, wa kijiwe kile kile, alikamatwa kwa mzigo wa wizi ulioletwa na abiria. Mkewe Christella alimjia Gaudiose analia.

"Nimwambie aombe msamaha?"

"Thubutu!" Gaudiose alimkemea. "Anyamaze. Twende wilayani sasa hivi."

Wakili alifika kabla Shyaka hajaandikwa maelezo. Kamera ya pale alipompakia abiria ilikuwa bado na picha, na abiria alionekana akipanda na mzigo wake. Shyaka aliachiwa.

Shyaka bado anaendesha pikipiki. Christella amejifungua mtoto wa pili. Pudentienne anasema hadi leo kwamba Cassien hakuomba vizuri. Cassien alimaliza mwaka wake wote gerezani. Pikipiki haikuwa yake, mwenye nayo akampa dereva mwingine, na sasa anabeba saruji kwenye majengo. Gaudiose huwapeleka wake za madereva wilayani, wakimwita. Nyumbani mumewe hula anachopikiwa, humuuliza habari za mtoto wao Iteka, basi.