Tope la Mama Waisiko

Mwili wa Selestine ulikuwa umelala chali ndani ya shimo la saba, macho wazi, kisogo kimepasuka. Damu iliyokauka ilionekana kwenye ukingo wa saruji. Shimo lenyewe lilikuwa tupu, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Matiko tangu dakika ya kwanza.

"Juzi lilikuwa limejaa tope," alisema Koplo Faridu. "Wafanyakazi wote wanasema hivyo hivyo."

"Na sukari?"

"Iko yote, afande. Magunia thelathini stoo, hata kamba hazijaguswa."

Matiko aliinuka akajipangusa magoti. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi alikwisha kukamata wezi wa ng'ombe, wezi wa nyaya za simu, hata mtu aliyeng'oa mlango wa kanisa. Mwizi wa tope hakuwahi kumwona.

Kiwanda hicho cha ushirika, pale Nyambureti, kilikuwa kidogo: mabati na matofali ya kuchoma. Lakini wenyewe walikitaja vifua mbele, na walikuwa na haki. Miaka mitatu walichekwa. Waliambiwa viazi sukari ni zao la nchi za baridi, Mara havitaota. Vikaota, vyeupe na vinene. Wakavikata vipande vyembamba, wakaviloweka kwenye maji ya moto, maji yale wakayasafisha kwa chokaa na kuyachemsha mpaka yakawa sukari guru. Makapi walikula ng'ombe, na ng'ombe wakatoa maziwa ambayo hata watu wa Kisaka walikuja kuyaulizia. Msimu huu ndio kwanza sukari yao ilikuwa inauzwa Mugumu na Tarime mjini.

Kilichowaumiza kichwa ni tope la kuoshea viazi. Hakuna mkulima aliyekubali udongo wa shamba lake uchanganywe na wa jirani, sembuse kumwagwa. Udongo ni wa baba zao, walisema. Umekuja na viazi, utarudi na mwenyewe. Baada ya mikutano mitatu ya kelele, ushirika ulijenga mashimo kumi na mawili, kila mkulima na lake, na kila baada ya mavuno mtu alikuja kuchukua tope lake. Mgeni angecheka. Matiko, mzaliwa wa Matongo, hakuona cha kuchekesha.

"La saba ni la nani?"

"La Mama Waisiko, mjane mwenye shamba pale kilimani. Selestine alikuwa mlinzi. Jana ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, kiwanda kilifungwa, akabaki peke yake. Daktari anasema alikufa kati ya saa sita mchana na saa kumi."

Matiko alishuka shimoni. Sakafu ilikuwa imeoshwa vizuri, tena ilikuwa nyeupe. Aligusa kwa kidole kilichovaa glavu. Chokaa mbichi.

"Mwinueni polepole," aliamuru.

Walipomwinua marehemu, chokaa ilikuwa imeshika mgongoni mwa shati lake. Chini alipolala napo palikuwa peupe.

"Umeona, koplo? Shimo lilisafishwa na kupakwa chokaa kwanza. Selestine aliangukia juu yake. Mwizi gani ana muda wa kupaka chokaa?"

Faridu alianza kuchunguza ardhi. Alifuata alama ya gurudumu la toroli nyuma ya kiwanda mpaka kwenye kinamasi, na huko akalikuta tope lote limemwagwa kwenye mafunjo. Alirudi na ndoo iliyojaa, na kabla ya saa nane alirudi tena na mtu. Dullah, mchenjuaji wa dhahabu kutoka Matongo, mwaka uliopita alinaswa na magunia sita ya chokaa ya ushirika, maana hata kuchenjua dhahabu, yaani kuitenga na mawe, hutumia chokaa.

"Jana ulikuwa wapi?" Matiko alimuuliza.

"Mnadani, nauza mbuzi. Waulize watu mia."

"Tope la hapa umelifanyia nini?"

"Tope?" Dullah alichungulia ndoo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Afande, nipe karai na maji."

Aliosha tope lile mbele yao, akilizungusha taratibu na kumwaga maji machafu, mpaka chini ya karai kikabaki kichanga cheusi. Ndani ya kichanga kulikuwa na punje tatu za manjano.

Matiko alilisogeza karai kando, watu wa nje wasilione. Alikuwa msichana wa darasa la sita pale uvumi kama huo ulipoanguka kwenye shamba la mtama la mama yake. Jumanne watu walinong'ona, Alhamisi walikuja na sururu, na mwezi ulipokwisha hapakuwa na mahali pa kupanda hata shina moja. Na sasa homa ya dhahabu ilikuwa imepamba moto upya, wachimbaji wakihama kilima hadi kilima kwa kusikia neno tu. Likivuja, shamba la Mama Waisiko limekwisha, na kiwanda nacho.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, afande," alisema Faridu.

"Basi iwe hivyo. Na wewe Dullah, ukifungua mdomo nafufua ile kesi ya chokaa."

"Sifungui. Lakini nikuambie kitu, afande. Mimi kweli niliiba chokaa, ila si mjinga. Ningeiba tope hili ningelichenjua. Aliyelimwaga kinamasini hakuitaka dhahabu."

Maneno hayo yalimwingia Matiko. Alitumia nusu saa nzima kuzunguka kiwanda, kisha akaingia ofisini akaomba aitiwe mwenyekiti wa ushirika.

Simioni alikuja na kofia mkononi. Yeye ndiye aliyeleta mbegu za kwanza, yeye ndiye aliyechekwa kuliko wote. Macho yalikuwa mekundu.

"Pole kwa msiba, mwenyekiti."

"Ahsante, afande. Selestine alikuwa ndugu."

"Kiwanda chako kisafi. Nimeona vikubwa vilivyo vichafu."

Simioni alinyooka kidogo. "Uchafu hatuutaki. Watu wakila sukari ya Nyambureti, wasitafune mchanga."

"Na mashimo yakitolewa tope?"

"Yanaoshwa, yanapakwa chokaa siku hiyo hiyo. Bila hivyo yanaoza, na uozo unafika kwenye sukari. Hiyo ni kanuni yangu."

"Wafanyakazi wanaifuata?"

"Hao? Nisiposimama juu ya vichwa vyao hawapaki. Mara nyingi napaka mwenyewe."

"Ufunguo wa stoo ya chokaa uko wapi?"

"Ninao. Tangu tulipoibiwa, nabaki nao mimi."

"Uko mmoja?"

"Mmoja tu."

Matiko aliangalia dirishani, upande wa mashimo, akamwacha mwenyekiti ayafuate macho yake. Simioni alitazama weupe wa shimo la saba. Kofia ikamponyoka.

"Mnadani hukwenda," alisema Matiko.

"Sikwenda."

Matiko alimpa onyo la kisheria, neno kwa neno: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Faridu alifungua karatasi za maelezo. Kabla Simioni hajaanza, mlango ulisukumwa akaingia mama mrefu mwenye kanga begani na matope ya shamba miguuni.

"Shikamoo mama," Matiko alimwamkia.

"Marahaba. Mimi ni Waisiko. Nimefuata tope langu, naambiwa limeua mtu."

Matiko alitaka kumtoa nje. Simioni ndiye aliyesema, "Abaki. Ni lake."

Akakiri bila kupumzika. Jumatatu, wakati viazi vya Mama Waisiko vinaoshwa, aliona punje inang'aa kwenye tope. Hakulala. Alijua wachimbaji wakisikia, kilima kitageuzwa matundu, na wakulima wengine nao wataacha majembe. Siku ya mnada alikuja mchana na toroli, akaenda kulizamisha tope kinamasini, safari baada ya safari. Selestine alikuwa amekwenda kunywa uji kwake. Aliporudi akamkuta mwenyekiti amemaliza kupaka chokaa.

"Aliniuliza, mwenyekiti, tope la mama wa watu umelipeleka wapi? Nikamwambia nyamaza. Akasema hawezi, mwenyewe akija atamjibu nini. Akataka kwenda kumwita. Nikamshika, akajivuta, nikamsukuma." Simioni alifunika uso. "Hata hakujua kuna dhahabu. Aliona udongo wa mtu umeguswa, basi. Na mimi, afande, naapa sikutaka punje moja. Nilitaka viazi vyetu vibaki."

Mama Waisiko alikuwa amesimama vile vile.

"Dhahabu naijua," alisema. "Mama mkwe alinionyesha mwaka nilioolewa. Tukaamua kulima. Tumelima miaka thelathini na nne." Alimgeukia Simioni. "Ungekuja nyumbani ukaniuliza, mura, mwanangu. Hatua mia tatu tu. Selestine angekuwa hai."

Mwenyekiti alilia kwa sauti, kama watu wazima wasivyolia.

Matiko alimshika Faridu mkono uliokuwa na kalamu. Kama kulikuwa na kesi moja ambayo angependa sababu yake isijulikane, ilikuwa hii.

"Mama, tukiandika hivi itasomwa mahakamani. Watasikia wote. Mwezi hautakwisha bila watu kujaa shambani kwako."

"Usipoandika, utasema Selestine alikufa kwa nini?"

"Ugomvi wa kazini tu."

"Watoto wake wataambiwa baba yao aligombana na bosi juu ya tope." Mama Waisiko alitikisa kichwa. "Hapana. Yule alikufa kwa sababu alijua udongo ni wa nani. Iandikwe hivyo, na jina lake."

"Na wakija?"

"Waje. Hakuna anayechimba kwangu bila mimi kuweka dole gumba kwenye karatasi yake, na dole gumba langu lina kazi ya kung'oa viazi. Nina magunia arobaini bado ardhini, na kiwanda hiki kesho kutwa kinawashwa. Nitakiwasha mwenyewe ikibidi."

Matiko aliuachia mkono wa koplo.

"Andika dhahabu," alisema. "Kisha andika jina la Selestine, lisomeke."